Fotei ya kudumu huanzia kwenye mbao

Dada unayeuliza fotei (kochi) ipi itadumu: mbao kwanza, kitambaa mwisho. Hapa Goma mwambie seremala atumie mbao ya libuyu au muvula (mvule) iliyokauka vizuri. Mkaratusi mbichi hupinda ukikauka na misumari inalegea. Nafanya kazi ya kubadilisha vitambaa vya fotei, na nyingi tunazofungua zimekufa kwenye maungio. Kabla ya kulipa, inua pembe moja ya mbele kama sentimita 15: mguu wa mbele wa upande wa pili usipoinuka nao, fremu ni dhaifu, iache. Sponji ya kukalia iwe ya kilo 30 kwa meta ya ujazo au zaidi; nyepesi hubonyea haraka. Ngozi bandia ya bei ya chini nayo hubanduka, hata fremu ikiwa nzima.