Maswali na majibu kwa wataalamu wa usafi wa kinywa: makali, vipimo na njia ya kupanda kazini

Nina miaka minne kazini. Ikifika mchana kifundo cha mkono kinauma na gumba limechoka kabisa. Ninunue vifaa vyenye mpini mnene?

Mpini mnene unasaidia. Wenye kipenyo cha karibu milimita 10 na uzito usiozidi gramu 15 huchosha misuli kidogo kuliko mwembamba na mzito. Lakini usianzie dukani, anzia kwenye makali. Kyureti (kifaa cha mkono cha kukwangua ugaga) ikiwa butu hukulazimisha kubana na kukandamiza, na huko kubana ndiko kunakomaliza gumba. Habari za kunoa zinafuata hapa chini.

Kisha tazama urefu wa kiti. Wengi humweka mgonjwa juu mno. Mabega yanapanda, kiwiko kinatoka ubavuni, na kifundo kinajipinda ili kufidia. Kaa vizuri wewe kwanza: nyayo zote mbili sakafuni, nyonga juu kidogo ya magoti, mabega yamelegea. Baada ya hapo ndipo ushushe kiti mpaka mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa kiwiko chako, na kati ya macho yako na mdomo huo kuwe na sentimita 35 hadi 40. Kwa taya la juu mlaze kabisa na kidevu chake kiinuke. Kwa taya la chini ashushe kidevu. Kichwa cha kugeuka ni cha mgonjwa, shingo yako ibaki pale ilipo. Mgonjwa akiombwa kwa upole hugeuka bila shida, ni sisi tunaosahau kumwomba.

Glovu nazo zichunguzwe. Ikiacha alama nyekundu kwenye shina la gumba, ni ndogo. Na kwenye ratiba, omba wagonjwa wawili wenye ugaga mwingi wasifuatane.

Ukianza kupata ganzi au mchonyoto usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, nenda kwa daktari mapema. Hiyo ni dalili ya neva kubanwa kwenye kifundo, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyokuwa vigumu kupona kabisa.

Nanoa kyureti zangu za aina ya Gracey kila Ijumaa lakini Jumatatu haziumi ugaga. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa ni pembe. Makali ya kyureti yanayofanya kazi vizuri yana pembe ya ndani ya digrii 70 hadi 80. Ili kuilinda pembe hiyo, jiwe na uso wa kyureti lazima vipishane kwa digrii 100 hadi 110. Ukilifungua jiwe zaidi ya hapo makali yanakuwa membamba kama karatasi: yanakata sana kwa mgonjwa mmoja, kisha yamekwisha. Hicho kinaweza kuwa ndicho kinachokupata. Ukilifunga chini ya digrii 100 makali yanakuwa mapana, hayashiki, na unajikuta unakandamiza.

Shika kyureti kwa mkono usiofanya kazi, kiwiko kikiegemea meza, ncha ikielekea kwako. Kumbuka kuwa uso wa Gracey umeinama digrii 70 kutoka kwenye sehemu ya mwisho ya shingo, tofauti na kyureti ya matumizi yote ambayo uso wake uko digrii 90. Kwa hiyo ukiisimamisha shingo ya Gracey wima, uso utakuwa mshazari na kipimo chako chote kitapotea. Inamishe shingo mpaka uso ulale sambamba na sakafu. Sasa simamisha jiwe likigusa ukingo ulio upande wa chini wakati shingo ilipokuwa wima. Huo peke yake ndio unaonolewa, wa pili hauna kazi. Jiwe likiwa wima ni kama mshale wa saa ulio kwenye 12. Lifungue kidogo kuelekea 1 (au kuelekea 11 kama ukingo huo uko kushoto kwako), bila kufika, na utakuwa ndani ya digrii zinazotakiwa.

Piga mikwaruzo mifupi ya juu na chini, ukianzia kisigino cha ukingo, uende katikati, umalizie kwenye ncha huku ukizungusha jiwe lifuate mviringo. Hapa wengi huharibu: wakinoa katikati tu na kuiacha ncha, baada ya miezi michache kyureti inakuwa na kichwa chenye kona, na kona hiyo huchana fizi. Mkwaruzo wa mwisho uwe wa kushuka, kwani wa kupanda huacha uzi mwembamba wa chuma juu ya makali.

Jaribu kwenye kijiti cha akriliki, si kwenye ukucha. Makali mazuri hukinasa mara moja yakiguswa kwa pembe ya kazi, butu huteleza. Njia nyingine ni kuyaelekeza kwenye taa: ukingo butu unaakisi mwanga kama mstari mweupe, ukingo mkali hauakisi kitu.

Sasa kuhusu Ijumaa. Ratiba ya mara moja kwa wiki haitoshi. Makali huanza kupotea ndani ya mgonjwa mmoja mwenye ugaga mgumu, na makali yaliyopotea kidogo hurudishwa kwa mikwaruzo miwili mitatu, ilhali yaliyopotea kabisa hudai uondoe chuma kingi. Weka jiwe lililotakaswa kwenye trei yako, unoe wakati wa kazi. Mgonjwa akishaondoka, kifaa kilichotumika usikinoe mezani kabla hakijatakaswa. Kikikuchoma, damu ya mtu imo.

Gharama ya kufanya kazi na makali butu anailipa mgonjwa. Kyureti butu haiung'oi ugaga, inaupiga msasa. Unabaki laini juu ya mzizi, kifaa cha kupapasia kinateleza juu yake, unaandika kuwa sehemu ni safi, na baada ya wiki sita mfuko wa fizi (nafasi kati ya fizi na jino) bado unavuja damu. Pembe mbaya mdomoni huleta matokeo hayo hayo. Uingize ubapa ukiwa umelala kwenye mzizi, karibu digrii 0, kisha ufungue hadi 60 au 80 ndipo uvute. Chini ya 45 unateleza juu ya ugaga. Zaidi ya 90 unakwangua fizi.

Ncha ya kyureti ikivunjikia mdomoni, nifanye nini kwanza?

Simama. Usinyonye, usipulize hewa, usimruhusu mgonjwa asukutue wala ameze. Mweleze kwa utulivu kilichotokea na umwombe asitikisike. Weka gozi kuzunguka eneo, kisha tafuta kwenye sakafu ya mdomo na kwenye mkunjo wa shavu. Kama kipande kimebaki kwenye mfuko wa fizi, kivute nje polepole kwa kyureti nyingine kwa mvuto wa kupanda, au kwa kifaa chenye sumaku. Kisipoonekana, piga eksirei ya jino hilo. Kama bado hakionekani, daktari ampeleke mgonjwa kwa eksirei ya kifua. Andika yote kwenye faili siku hiyo hiyo. Ili yasitokee: kyureti iliyonolewa hadi ikawa nyembamba itupwe, hata kama bado inakata.

Mashine yangu ya kukwangua kwa mtetemo inalia na maji yanatoka, lakini ugaga hauondoki na wagonjwa wanalalamika joto.

Pima ncha. Watengenezaji hutoa kadi yenye mchoro wa ncha mpya. Ilaze juu yake. Ncha iliyopungua milimita 1 imepoteza karibu robo ya uwezo wake, na iliyopungua milimita 2 imepoteza nusu na inafaa kutupwa. Fanya hivi kila mwezi.

Joto lina sababu mbili, maji machache au mkono mzito. Usiamini ukungu unaouona. Elekeza maji kwenye kikombe chenye vipimo kwa dakika moja. Yawe mililita 20 hadi 30. Kuhusu mkono, kukandamiza hakuongezi kazi bali kunazima mtetemo. Gusa kama unapaka rangi kwa brashi, ubavu wa ncha ukilala kwenye jino kwa digrii 0 hadi 15. Ncha yenyewe ikisimamishwa juu ya mzizi itauchimba.

Kila asubuhi fungua maji yapite dakika mbili, na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Hata hivyo kupitisha maji hakuondoi utando wa bakteria uliojishika ndani ya mipira ya maji, kwa hiyo dawa ya kusafishia mipira bado inahitajika. Kiwango kinachokubalika cha bakteria ni kisichozidi 500 kwa mililita.

Nimepima kina cha mfuko wa fizi nikapata milimita 4, daktari amepata 6 jino hilo hilo. Nani yuko sahihi?

Tofauti ya milimita 1 kati ya wapimaji wawili ni ya kawaida. Milimita 2 zinataka maelezo.

Kwanza nguvu. Kipimo cha mfuko hufanywa kwa nguvu ya gramu 20 hadi 25. Chukua mzani wa kidijitali, bonyeza ncha ya probu (kijiti chenye alama za milimita cha kupimia mfuko) juu yake bila kutazama namba, kisha tazama. Wengi hushangaa. Rudia mpaka mkono uizoee 25, na mfanye wote wawili, wewe na daktari.

Pili njia. Usiichomeke probu mara moja na kuitoa; itembeze ndani ya mfuko kwa hatua za milimita 1 hadi 2, sehemu sita kwa kila jino. Baina ya meno, iguse sehemu meno yanapokutana, kisha uiinamishe kidogo ifike chini yake. Ukiisimamisha wima kwenye kona utasoma pungufu, na hapo ndipo mifuko mirefu hukaa. Tatu, ugaga wenyewe huzuia probu: 4 ya kabla ya kukwangua inaweza kuwa 6 ikisomwa baada ya kukwangua. Ulizaneni mlipima lini.

Mgonjwa anaitikia kila ninachosema, lakini miezi sita baadaye fizi zinavuja damu vilevile.

Huenda unasema mengi mno na unayasema mwishoni, mdomo wake ukiwa na ganzi na akili iko mlangoni. Yapeleke mwanzoni. Mpe kioo, gusa fizi moja kwa probu, mwonyeshe damu, kisha uliza: "Wewe unasafishaje hapa katikati?" Nyamaza mpaka ajibu.

Chagua kifaa kimoja. Penye nafasi baina ya meno tumia brashi ndogo ya katikati. Iingie kwa ukinzani kidogo bila waya kusugua jino. Penye meno yaliyobanana tumia uzi. Mwache aifanye yeye, kwa mkono wake, ukitazama. Hapo ndipo utaona kwamba anasukuma brashi kuelekea juu ya fizi, au anaitoa kabla haijatokea upande wa pili. Rekebisha hilo tu. Mwambie mapema kuwa damu itatoka siku za mwanzo na itapungua ndani ya wiki moja au mbili akiendelea, maana wengi huacha wakidhani wamejiumiza. Kwa mvutaji sigara, fizi isiyotoka damu si ushahidi wa afya. Tumbaku huificha damu hiyo, kwa hiyo tegemea kina cha mfuko.

Nina vyeti vingi vya semina, ila majukumu na mshahara ni yale yale. Nisome nini tena?

Kabla ya kulipia semina nyingine, omba ruhusa ya mkuu wako na utoe faili za wagonjwa wako 10 waliorudi kukaguliwa wiki 6 hadi 12 baada ya kukwanguliwa. Bila kuandika majina, hesabu sehemu zilizokuwa na mfuko wa milimita 5 au zaidi kabla, na zilizobaki hivyo baada. Hesabu pia asilimia ya sehemu zinazovuja damu. Chini ya 10 ni hali nzuri. Kisha andika zilizobaki ziko wapi mdomoni.

Karatasi hiyo itakuambia cha kusoma. Tuseme nyingi zilizobaki ziko upande wa nyuma wa magego ya juu. Basi hauhitaji semina ya kung'arisha meno. Unahitaji mazoezi ya kyureti ya Gracey namba 13/14 inayofikia upande huo, mahali pa kukaa, na kufanya kazi kwa kutazama kioo. Kama zimebaki kwa wagonjwa wa kisukari na wavutaji, ujifunze mazungumzo ya kubadilisha tabia na namna ya kuwasiliana na daktari wao wa kisukari. Uainishaji wa magonjwa ya fizi uliotolewa mwaka 2018 unavitumia vyote viwili kupandisha daraja la ugonjwa: sigara 10 au zaidi kwa siku, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) ya asilimia 7 na kuendelea. Kama huoni vipimo hivyo kwenye faili zako, anza kuviandika.

Rudia hesabu baada ya miezi sita. Ukienda kuomba majukumu au nyongeza ukiwa na karatasi mbili, ya kabla na ya baada, mkuu wako ana kitu cha kujadili. Rundo la vyeti linaonyesha ulihudhuria, basi. Ombi lenyewe liwe mahususi: kuendesha kliniki ya wagonjwa wa fizi wa kudumu, kusimamia utakasaji wa vifaa, kufundisha wanafunzi, au kupewa muda wa kiti wa dakika 60 badala ya 30 kwa wagonjwa wenye mifuko mirefu. Kumpa mgonjwa dawa ya ganzi na kusoma eksirei hutegemea sheria ya mahali unapofanyia kazi, kwa hiyo isome kwanza kwenye leseni yako.

Kama kiti kimekuchosha, afya ya jamii ni kazi kamili. Dkt. Alfred Fones alipoanzisha mafunzo ya kwanza ya taaluma hii huko Bridgeport, Connecticut, mwaka 1913, wahitimu waliajiriwa kwenye shule za umma za mji huo. Anayetaka kuelekea huko aanze na mradi mdogo unaopimika: shule moja, vanishi ya floraidi ya sodiamu ya asilimia 5 mara mbili kwa mwaka, na hesabu ya meno yenye matundu mapya kabla na baada ya miaka miwili.