Mtu yuko bize? Mfundishe kwa robo saa

Mmeuliza wiki hii kama mtu aliyebanwa na kazi asubuhi mpaka usiku anaweza kweli kufundishwa kusokota uzi na kutia rangi, mi nasema anaweza, tena vizuri tu, ila sio kwa ile staili ya kumwita Jumamosi nzima akae darasani. Nafundisha hizi kazi, na wengi ninaowaona wakiacha hawaachi kwa sababu ni ngumu, wanaacha kwa sababu tunawapangia kana kwamba siku yao haina kitu kingine.

Kusokota, mpe pia ya mkono, kile kifaa cha kusokotea uzi chenye kijiti na kisahani, gurudumu la kusokotea lingoje kwanza maana linataka kona yake ndani ya nyumba wakati pia yenyewe inaingia kwenye mkoba. Iwe ya gramu 30 mpaka 50 hivi. Aanze na sufu, pamba baadaye, pamba nyuzi zake fupi mno, nyingi hazizidi sentimita 3, zinataka msokoto mwingi la sivyo zinaachiana mkononi, na mtu akikatikiwa na uzi kila dakika jioni kachoka hivyo, kesho harudi.

Halafu mtenganishie kazi. Fundi anazungusha pia huku anavuta sufu, vyote kwa pamoja, mgeni hawezi. Mwambie azungushe kwanza, msokoto ujae kwenye uzi huku ameubana kwa vidole, pia aiweke katikati ya magoti itulie, ndo sasa avute sufu taratibu na kuachia msokoto upande wenyewe. Simu ikilia anaacha, mtoto akiita anaacha, akirudi anaendelea palepale na hakuna kilichoharibika. Robo saa kila jioni kwa mtindo huu, mikono inazoea haraka kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi, hilo nalisema kwa uhakika kabisa.

Kwenye rangi ndo watu wanashangaa nikisema kunamfaa mtu bize kuliko hata kusokota, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kungoja. Kabla ya rangi yenyewe unaanza na shabu, ile chumvi inayosaidia rangi ishike, gramu 10 mpaka 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, unaiyeyusha kwenye maji ya moto, unaongeza maji, unatumbukiza sufu ambayo ushailoweka, unapasha polepole mpaka karibu na kuchemka, unashikilia hapo kama saa moja, unazima, unaenda kulala. Na kulala huko sio uvivu, sufu ikitolewa kwenye moto ikatupwa kwenye baridi ghafla huku inasuguliwa inajikunja na kushikana, kwahiyo kuiacha ipoe humohumo usiku kucha ndo utaratibu wenyewe. Ile saa ya moto tu ndo lazima awepo, asidanganywe kwamba anaweza kutoka nyumbani. Na sufuria iwe ya rangi peke yake, isirudi kupikia chakula, hapa sina mjadala.

Rangi ya kwanza mpe maganda ya vitunguu, anayakusanya mwenyewe kidogokidogo kila akipika, uzito wa maganda ukifikia ule wa sufu anapata njano ya dhahabu au chungwa iliyokolea. Manjano ya jikoni inashika haraka lakini jua linaifuta, mi simpi mwanafunzi mpya kitu ambacho kitapauka kabla hajamaliza kukifuma.

Nili, ile rangi ya bluu, ndo pekee naikatalia robo saa. Ule mchanganyiko wake wa kuchovyea hautaki hewa, unauchunga joto lake, unachovya bila kutibua, uzi unatoka una ukijani halafu unageuka bluu mbele ya macho yako kadiri hewa inavyouingia, na unachovya tena na tena kupata bluu nzito. Hiyo naomba watu wanipe nusu siku, tunaifanya pamoja, na wanaipata hiyo nusu siku, kwa sababu wakati huo kila mmoja anakuja na uzi aliousokota mwenyewe.