Usimpeleke sokoni! Mayai 300 ndiyo yaliyonifundisha mimi

Mkuu, kesho HUENDI sokoni na huyo mbwa. Nimesoma uzi wako mara mbili tumbo likanisokota. Mbwa wa miezi minane, jioni mkitoka akiona bodaboda, mbuzi au kuku anakusahau kabisa, na kuna "mtaalamu" amekushauri umvalishe mnyororo wa kukaba umpeleke katikati ya soko akazoee. Hiyo filamu nimeigiza mimi, na mshahara wa kuigiza nilitoa mimi.

Naishi Goba, Dar es Salaam. Mwaka 2021 nilipata mtoto wa mbwa, jemani shepadi aliyechanganyika na koko wa kwetu hapa hapa, nikamwita Kamanda. Tatizo lake lilikuwa hilo hilo lako, tena dogo: bodaboda ikipita anasimama, masikio juu, anaitazama mpaka ipotee. Basi. Habweki, haruki. Mtu mwenye akili zake angemshukuru Mungu akaenda kulala. Mimi nikatafuta mkufunzi.

Akaja bwana mmoja na buti zake, filimbi shingoni, mbwa wake mwenyewe hana hata mmoja. Hapo tu ningeshtuka. Laki tatu na nusu kwa wiki tatu, hela mbele. Maelekezo: mbwa lazima ajue nani mkubwa. Mnyororo ukae juu kabisa ya shingo, karibu na masikio. Akitazama kitu kingine badala yako, vuta kwa kushtukiza. Na mazoezi yafanyike penye fujo, kwa sababu "ukimfundisha kwenye utulivu atajua utulivu tu". Hiyo sentensi ilinikaa kichwani kama methali, nikawa nawaambia hadi wenzangu kazini.

Basi kila jioni saa kumi na moja, wiki tatu mfululizo, mimi na Kamanda tunasimama pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Pikipiki inawashwa, anageuza kichwa, navuta. Inapita nyingine, navuta. Kijana mmoja wa kijiweni akaniuliza, "Mzee, kwani huyo mbwa amekukosea nini?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Nikamjibu kwamba hayajui haya mambo.

Sasa mfikirie mbwa. Yeye hajui kama anafundishwa utulivu. Anachojua ni kwamba pikipiki ikitokea, koo linauma. Jioni nzima. Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na mate, alishaonyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba kitu kikitangulia chakula mara nyingi, mbwa anaanza kutoa mate kabla hata chakula hakijafika. Mimi nilirudia kazi ya Pavlov pale kijiweni, ila badala ya chakula niliweka maumivu. Nilimfundisha mbwa wangu kuzichukia pikipiki, na ada nikalipa.

Wiki ya tatu akaacha kuzitazama. Mkufunzi akasema "umeona?" Nikaona, nikamnunulia na soda. Kumbe mbwa hakuwa ametulia, alikuwa amenyamaza tu: mkia chini, mdomo umefumbwa, analamba pua kila dakika. Siku hizi nikiona mbwa anailamba pua yake hivyo mbele ya kitu, naondoka naye bila kuuliza.

Jumamosi ikapita bodaboda imebeba trei kumi za mayai, zimefungwa nyuma kwa mpira. Ilipita karibu, ungenyoosha mkono ungeigusa. Nikavuta mnyororo kwa mazoea. Safari hii Kamanda hakurudi nyuma, aliruka. Nakumbuka mnyororo ukinichana kiganja, halafu kishindo, halafu kimya. Halafu yai moja, zima, likiviringika taratibu kuelekea mtaroni kama lina safari zake.

Mayai 300. Yaliyopona 17, nayajua idadi kwa sababu na yenyewe niliyanunua. Elfu tisini ya mayai, elfu ishirini na tano ya kioo cha pembeni na taa. Kijana suruali imechanika, ana mchubuko mguuni, na hakuna aliyeweza kusema kama ni wa lami au wa jino. Mama anayeuza mihogo pale, Mungu amzidishie, ndiye peke yake aliyekuwa na akili: alileta ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche, akauosha ule mguu dakika kumi na tano nzima huku sisi wanaume tunabishana nani ana makosa. Kutoka hapo ni kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, hospitali, kisha sindano za kichaa cha mbwa kwa tarehe walizompangia, na nauli zote juu yangu. Kamanda akafungiwa nyumbani siku 10 akiangaliwa. Kilichonisaidia pale kituoni ni kadi yake ya chanjo, ilikuwa haijamaliza mwaka. Ya kwako iko wapi, mkuu? Ipige picha sasa hivi ikae kwenye simu.

Mkufunzi nilipompigia akasema mbwa wangu "ana damu mbaya". Kesho yake hapatikani. Na wewe mchangiaji hapo juu unayesema "kaza mnyororo mpaka aelewe", nitumie namba nikuletee risiti za mayai.

Sasa shika hili moja, mengine achana nayo: FIRIGISI. Chemsha firigisi au maini, katakata vipande vidogo kama punje ya harage, weka mfukoni (mke wangu ana maoni yake kuhusu mifuko yangu, tuyaache). Mkiwa njiani kitu kinachomvuruga kikionekana, mpe kipande. Akila, endelea. Akikataa, au akinyakua kwa pupa huku macho yake yapo kule, uko karibu mno. Geuka, rudi nyuma mpaka ale vizuri. Hapo ndipo darasa lilipo. Ukisogea zaidi ya hapo mwili wake uko vitani, hata ukiita jina mpaka sauti ikauke ni kazi bure.

Sisi tulianzia hatua 70. Sina aibu. Uwanja wa shule, kijiwe kinaonekana kwa mbali kama picha ya kalenda. Pikipiki inaonekana, nasema "ee!", nampa. Nyingine, "ee!", nampa. Haamrishwi kitu, pikipiki ndiyo inaleta firigisi. Siku ya tisa ikapita moja, akaitazama, halafu mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo, akageuza shingo akanitazama usoni. Nilibaki nimeduwaa na kipande mkononi mpaka akanikumbusha kwa pua. Kuanzia hapo tukawa tunapunguza hatua tano tano, na siku akikataa kula tunarudi kumi. Ilichukua miezi mitano. Wako hajaharibiwa, huenda ukahitaji muda mfupi zaidi, ILA USIENDE SOKONI.

Anayesema huko ni kumdekeza mbwa aende SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, akaone shirika la APOPO wanavyofundisha panya buku kunusa: kinasikika kimlio, panya anapata ndizi. Magawa alifundishwa hivyo hivyo, akaenda Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Panya! Hakuna aliyemkaba koo.

Kingine kidogo: usitoke naye karibu na magharibi kama njia yenu inapita msikitini. Watu wameshatawadha, pua moja yenye unyevunyevu kwenye kanzu na umemrudisha mtu nyumbani. Jirani yangu tulipatana kwa hilo tu, na sasa ananisalimia.

Uliuliza pia kuhusu chakula, na mkanda gani ununue. Mkanda, chukua wa kifuani, wowote usiombana kwapani. Chakula wadau watakujibu, mimi nimechoka na mkono umeanza kuuma kule kule mnyororo uliponichana. Mnyororo wenyewe upo bado, unafunga geti la banda la kuku.

Kesho jioni nenda uwanja wowote wa wazi, hesabu hatua kutoka kwenye bodaboda, kisha urudi hapa utuambie alikubali kula akiwa hatua ya ngapi.