Maswali ya Wasomaji: Mashua Inavuja na Wajukuu Wako Njiani

SWALI: Mimi na mume wangu tulistaafu mwaka 2019, mimi katika uuguzi na yeye katika ualimu, na kwa sehemu ya kiinua mgongo chetu tulinunua mashua ya tanga yenye urefu wa mita 7, ambayo tunaiweka pwani hapa Tanga. Msimu wa kaskazi ndio starehe yetu: tunakwenda kisiwa cha Toten asubuhi na kurudi adhuhuri, na siku upepo ukiwa mwema tunafika hadi kisiwa cha Ulenge. Mwaka huu mume wangu aliugua mgongo, kwa hiyo chombo kimekaa nchi kavu tangu masika, na sasa ukiingia ndani unauona mchanga kupitia nafasi za mbao. Fundi mmoja ametushauri tupake faiba nje yote ili tusahau habari ya kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, kwa gharama inayokaribia bei tuliyonunulia mashua yenyewe. Jambo la pili ni la nyumbani. Wanetu watatu watakuja likizo ya Desemba pamoja na wajukuu saba, na mume wangu amekwisha kuwaahidi kuwa atawapeleka wote kisiwa cha Maziwe kwa mashua yetu. Nilipopinga aliniambia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Je, ni nani kati yetu mwenye haki?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo Bibi, na umfikishie Babu shikamoo yangu. Nitaanza na mashua, kwa kuwa hiyo safari ya wajukuu itategemea hali yake.

Faiba msipake. Mbao za mashua hunywa maji na kutanuka, na zikikaa juani husinyaa, ndiyo maana mnauona mchanga. Faiba, kwa upande wake, ikishakauka haitanuki wala haisinyai pamoja nazo. Baada ya muda itapasuka mahali fulani padogo, maji yataingia na kukaa kati yake na ubao bila njia ya kutokea, na ubao utaoza huku nje pakiwa panang'aa. Fundi wenu hakuwadanganya aliposema mtaisahau kalafati, kwa sababu hamtaiona tena.

Hata hivyo, msikimbilie kuitia kalafati hivi sasa, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu vyombo vyao. Nafasi mnazoziona si nafasi za kweli. Mkizijaza pamba mbao zikiwa kavu, zitakapotanuka zitakosa mahali pa kwenda: ama zitaisukuma pamba nje, ama zitasukumana zenyewe hadi zivute misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Tandazeni magunia ndani ya chombo, muyaloweshe kwa maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Nasisitiza maji ya bahari, kwa sababu maji ya mvua yanayotuama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ndiyo yanayoozesha mbao, na natumaini chombo hakikukaa wazi masika yote. Kisha kiacheni kielee mahali penye kina kifupi, kikiwa kimefungwa vizuri, na kikijaa maji msishtuke. Baada ya siku mbili yafueni maji yote, mketi ndani na mkaa mkononi, na kila mahali panapoendelea kutoa jasho mpatie alama. Hapo ndipo pa kalafati, na huenda mkakuta ni pande mbili tatu tu, hasa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo.

Kazi hiyo ya chini ifanyeni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Siku mbili za mwanzo baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji ya Tanga hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Chombo mlichokipandisha na maji ya alfajiri na kukitia gadi, yaani miti ya kukiegemeza, pande zote mbili kitawapa saa kadhaa za kukwangua magamba na mwani, kusokota pamba iliyotiwa mafuta na kuigongomea kwa tindo butu, kabla bahari haijarudi. Vitazameni pia vichwa vya misumari. Panapotoka mchirizi wa kutu, gongeni ubao pembeni yake kwa nyundo ndogo: ubao mzima hulia mkavu, na ulioanza kuoza hutoa mlio uliokufa, kama kugonga papai lililoiva. Mbao za juu zipakeni sifa, yale mafuta ya papa, mapema Desemba, maana wajukuu waliokulia mjini wakiikuta harufu yake ingali mbichi, mtaisikia habari yake likizo nzima.

Sasa Maziwe. Kisiwa hicho kiko kusini, upande wa Pangani, na kwa kaskazi mtakwenda upepo ukiwa tezini, nyuma ya chombo, kila mtu akicheka. Kurudi ndiko kwenye kazi. Itabidi mbishe njia nzima, yaani mwende kwa pembe mkipingana na upepo, na kwa tanga la aina yetu kila mnapobadili upande mnahitaji kuihamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kuuzunguka mlingoti, kazi ambayo sitaki kumwona mzee mwenye mgongo mbovu akiifanya huku chomboni mna watoto saba wanaotapika. Isitoshe, Maziwe ni mchanga mtupu usio na mti wala kivuli, nao hufunikwa na maji yanapojaa, kwa hiyo hapana mahali pa kungojea upepo upungue. Watu kumi na wawili katika mashua ya mita 7 sitaitetea hata ndani ya ghuba.

Ahadi ya Babu inaweza kutimizwa bila mashua yenu kuhusika. Nendeni kwa gari hadi Ushongo, kijiji cha pwani ya Pangani, mkodi boti ya wenyeji kwa saa ambazo kisiwa kiko juu ya maji. Mashua yenu ibaki na safari za Toten, watoto wawili wawili, kila zamu na mzazi mmoja, mng'oe nanga kwenye saa moja asubuhi kabla kaskazi haijapata nguvu. Pale pana magofu na makaburi ya kale, na Babu, kwa kuwa alikuwa mwalimu, hatakosa la kusema. Kila mtoto awe na jaketi okozi la kimo chake, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba, na kama chombo hakijakaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hilo litangulie.

Ama ile methali, Babu ana haki nayo mkiwa majini: tanga likishatwekwa, msemaji awe mmoja. Lakini uamuzi wa kuondoka hufanywa nchi kavu, na huko wewe ni mmiliki mwenzake wala si abiria. Mngeketi pamoja na kalenda ya mwezi kabla ya kuwajibu watoto, mngeona siku za bamvua zinaangukia wapi. Kisha mpigie simu mwanao mkubwa, umwambie atangulie siku tatu kabla ya wenzake, aje na nguo za kuchafuka. Mgongo wa baba yake hauwezi tena kuinama chini ya mkuku.