Bulgaria niliyoifufua, kisha ikanigomea

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: katika gemu za mikakati, nchi uliyoishinda uitwae kabisa au uiache iwe dola tegemezi? Mimi nasema iwe dola tegemezi, na nitatolea mfano Europa Universalis IV, gemu ninayoijua nje ndani.

Wengi hufuata kodi na askari wa ziada. Mimi nafuata haki ya ardhi. Gemu inaanza mwaka 1444 na Bulgaria haipo kwenye ramani, kwani Waosmani walishaimeza mwishoni mwa karne ya 14. Hata hivyo majimbo yake bado yanahesabika kuwa ni yake. Basi nikicheza na Bizanti, ambayo imebakiwa na Constantinople na kipande cha Ugiriki, vita ya kwanza nawanyang'anya Waosmani hata jimbo moja tu la Kibulgaria, kisha naifufua Bulgaria humo humo, chini yangu. Vita ya pili naidai ardhi yake iliyobaki. Majirani hawakasiriki sana, na majimbo yakirudi kwa mwenyewe sitoi hata pointi moja ya utawala, zile zinazokatwa ukitaka jimbo uliloteka liwe lako kamili. Ningeyabeba yote mwenyewe kwa mkupuo, waasi wangenizukia kila kona. Miaka 10 ikipita, naruhusiwa kuanza kuiunganisha na nchi yangu kwa pointi za diplomasia.

Hasara zipo. Kila dola tegemezi inakula nafasi moja ya mahusiano ya kidiplomasia, ambazo zina kikomo, hiyo inavumilika. Inayouma ni hamu ya uhuru, yaani asilimia inayoonyesha dola tegemezi inavyotaka kujitenga nawe. Safari moja niliilisha Bulgaria mpaka ikanenepa kuliko mimi. Nikiwa katikati ya vita na Hungaria nikaona jeshi la Bulgaria limekaa kwao, halisogei, huku langu likiteketea kwenye kuzingira ngome. Kufungua dirisha la Bulgaria: hamu ya uhuru asilimia 54. Ikishafika 50 hairuhusiwi hata kuunganishwa. Nikaanza kuibembeleza: nikaipelekea balozi, nikailipia madeni, na miaka ikakatika bure.

Siku hizi naiangalia asilimia hiyo kabla ya kila mkataba wa amani. Ikivuka 40, jimbo linalofuata nalichukua mwenyewe, hata kama litanimalizia pointi zote za utawala.