Maswali yenu: Mbunge aliyewafyatulia risasi Gestapo

Wiki mbili zilizopita, nikizungumzia Ulaya katika kipindi cha baina ya vita vikuu viwili, nilimtaja kwa mstari mmoja mwanasiasa wa Hungaria, Endre Bajcsy-Zsilinszky. Nilisema alianza na wabaguzi wa rangi akaishia kunyongwa na mafashisti. Mstari huo umenizalia maswali kuliko makala yote iliyobaki, nami leo namwachia safu nzima.

Nilisoma Budapest miaka minne na nilikuwa nikishuka metro kituo chenye jina lake. Sisi tuliita "Bajcsy" basi. Hasa alikuwa nani?

Mwanasheria, mhariri wa magazeti na mbunge. Alizaliwa Szarvas, kusini-mashariki mwa Hungaria, tarehe 6 Juni 1886, akafa kwa kitanzi tarehe 24 Desemba 1944. Hiyo barabara uliyokuwa ukitokea juu yake zamani iliitwa kwa jina la Kaizari Wilhelm wa Ujerumani. Vita vilipokwisha mwaka 1945 ikapewa jina la Mhungaria aliyepambana na Wajerumani. Waliobadilisha kibao walijua wanachosema.

Ni kweli aliwahi kushiriki kuua mtu? Na kama ni kweli, aliingiaje bungeni?

Ni kweli, na ndilo doa linalorukwa haraka na wanaompenda.

Mwaka 1911, mjini Békéscsaba, kulikuwa na mbunge aitwaye András Áchim, kiongozi wa wakulima. Alidai mashamba makubwa ya makabaila yagawanywe na kila mtu apige kura. Kwa wenye mali wa eneo lile, hao akina Zsilinszky wakiwemo, jina lake lilikuwa mwiba. Áchim alikuwa na ugomvi na baba yake Endre, na maneno makali yalikwisha kusemwa hadharani. Mwezi Mei, Endre na mdogo wake Gábor wakamfuata Áchim nyumbani kwake. Walikwenda, kwa maelezo yao, kudai heshima ya mzee. Kukazuka vurugu, risasi zikalia. Kwa kawaida inakubalika kwamba aliyefyatua ni Gábor. Áchim akafariki siku iliyofuata.

Mahakama ikawaachia huru ndugu wote wawili, ikipokea hoja kwamba walijilinda. Fikiria: watu wawili wanamwendea mtu nyumbani kwake, kisha wao ndio waliojilinda! Lakini Hungaria ya wakati ule ilikuwa nchi ya mabwana, na vijana hawa walikuwa watoto wa mabwana. Kinachouma zaidi ni kwamba familia zote mbili zilikuwa za Waluteri wenye asili ya Kislovakia. Kilichowatenganisha ni tabaka.

Kwa nini ana majina mawili yaliyounganishwa?

Zsilinszky ni la baba, Bajcsy la mama. La mama aliliongeza alipokuwa tayari mtu mzima, katika miaka ya 1920. Litamke karibu na "Baichi". Na ukienda kwao utaona limeandikwa Bajcsy-Zsilinszky Endre, kwa kuwa Wahungaria hutanguliza jina la ukoo.

Mbona unamsafisha? Mtu aliyekaa chama kimoja na wabaguzi ni mbaguzi, yamekwisha.

Simsafishi. Katika miaka ya 1920 alikuwa bega kwa bega na mwanasiasa Gyula Gömbös, na chama walichokiunda pamoja, kilichojulikana kama cha "walinzi wa mbari", kilikuwa cha chuki dhidi ya Wayahudi waziwazi. Hakuburutwa humo. Alikuwa kalamu yao, mhariri wa gazeti lao.

Ila tuitazame nchi yenyewe ili tuelewe kiu yake. Kwa mkataba wa Trianon, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliotiwa saini tarehe 4 Juni 1920, Hungaria ilipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni 3 wakaamka wakiwa raia wa nchi jirani. Bendera zikapepea nusu mlingoti miaka na miaka. Mtu aliyerudi kutoka vitani na majeraha, kama yeye, alitafuta wa kumlaumu, na Gömbös alikuwa na jibu tayari.

Walipoachana ndipo hadithi inapoanza kunivutia. Mwaka 1928 Gömbös alirudi katika chama cha serikali, mwaka uliofuata akawa waziri wa ulinzi, na mwaka 1932 waziri mkuu. Mwaka 1933 alikimbilia Berlin kumwona Hitler, akiwa kiongozi wa kwanza wa serikali ya kigeni kufanya hivyo. Bajcsy hakumfuata. Alianzisha gazeti lake, kisha mwaka 1930 chama chake kidogo, akidai ardhi kwa wakulima na kura ya siri. Ndiyo, ardhi kwa wakulima, dai lilelile la Áchim.

Kura ya siri haikuwa mapambo. Vijijini watu walipiga kura kwa kutamka jina la mgombea mbele ya maofisa, na bwana shamba wako akisikia. Mwaka 1931 alipata ubunge wa Tarpa, kijiji cha mbali kaskazini-mashariki. Mwaka 1935 serikali ya rafiki yake wa zamani ikahakikisha anaanguka. Mwaka uliofuata akaingia chama cha wakulima wadogo, na uchaguzi wa 1939 ukamrudisha bungeni.

Kwa hiyo alibadilika? Mimi naona uzalendo wake haukuhama hata hatua moja. Kilichohama ni jibu la swali "nani anaitishia Hungaria?" Mwanzoni alimnyooshea kidole Myahudi. Baadaye akaiona Ujerumani, na tangu Hitler aimeze Austria mwaka 1938, Ujerumani ilikuwa mlangoni. Hata madai ya kurudishiwa ardhi iliyopotea hakuyaacha.

Nimesoma kwamba alisimama kuwatetea Waserbia. Mzalendo wa Hungaria?

Naam. Aprili 1941 Hungaria iliungana na Hitler kuivamia Yugoslavia, nchi iliyokuwa imetia nayo saini mkataba wa "urafiki wa milele" miezi minne tu kabla. Waziri mkuu Pál Teleki alijipiga risasi kwa aibu. Januari 1942, ndani na kando ya mji wa Novi Sad, katika sehemu ya Yugoslavia iliyotwaliwa na Hungaria, wanajeshi na askari polisi wa Hungaria wakaua watu zaidi ya 3,000, wengi wao Waserbia na Wayahudi, wanawake na watoto wakiwemo. Miili mingi ilitupwa Danube iliyokuwa imeganda barafu.

Habari zilipovuja, Bajcsy alilipeleka jambo hilo kwa mtawala, Miklós Horthy, na bungeni, akitaka wahusika washtakiwe. Wenzake walimzomea kwamba anachafua jeshi. Kesi ikaja kufunguliwa mwishoni mwa 1943, lakini maofisa wakuu wakatorokea Ujerumani.

Na hiyo ya Gestapo?

Tarehe 19 Machi 1944 Wajerumani waliingia Hungaria. Hakuna jeshi lililowapinga. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipofika kwa Bajcsy, alichukua bastola akawafyatulia, nao wakamjeruhi na kumbeba. Mbunge mmoja na bastola yake, huku jeshi zima likisimama kando.

Aliachiwa katikati ya Oktoba, wakati Horthy akijaribu kujitoa vitani na chama cha mafashisti cha Msalaba wa Mishale, cha Ferenc Szálasi, kikinyakua madaraka. Akajificha, akaongoza kamati ya siri ya kuandaa maasi mjini Budapest. Novemba wakasalitiwa. Jenerali János Kiss na maofisa wawili, Jenő Nagy na Vilmos Tartsay, walinyongwa tarehe 8 Desemba. Yeye alipelekwa gereza la Sopronkőhida, karibu na mpaka wa Austria, akanyongwa mkesha wa Krismasi. Siku hizo Warusi walikuwa wakifunga duara kuuzunguka mji mkuu.

Kaburi lake liko wapi?

Tarpa. Mwaka 1945 walimfukua Sopronkőhida na kumvusha nchi nzima, kutoka ncha ya magharibi hadi ya mashariki, wakamzika miongoni mwa wakulima waliomchagua.