Kujibandikia kucha: anza na mkono wa kazi

Wiki ya Krismasi hakuna saluni Moshi yenye kiti kitupu. Watu wamepanda kutoka Dar, wenye nywele wanasuka, wenye vidole wanabandikwa kucha, na wewe uliyefika saa nne asubuhi unaambiwa urudi jioni, tena kwa bei ya sikukuu. Ndivyo nilivyoanza kujibandikia mwenyewe, kwa pakiti niliyonunua kwa mmachinga karibu na soko la Mbuyuni.

Niseme mapema kwamba mimi ni mashoto. Bibi alinilazimisha kula na kusalimia kwa kulia, lakini kalamu na kisu vilimshinda, vikabaki kushoto. Kwa hiyo mkono wangu wa kazi ni wa kushoto, na wa kulia nauita mkono mvivu. Wewe wa kulia geuza tu.

Siku ya kwanza nilifanya kama kila mtu: nilianza na mkono rahisi. Mkono wa kazi ukaubandika ule mvivu, kucha tano zikakaa safi kabisa, nikapiga na picha. Kisha nikageuka upande wa pili. Mkono ambao hata mswaki unaushika kwa kubahatisha, sasa una kucha ndefu kama vijiko, na unatakiwa kuokota kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya hindi. Gundi ilimwagika, nikaifuta haraka kwa pamba, na pamba ikaanza kuchoma! Nilidhani nimechanganyikiwa, kumbe gundi ya kucha ni jamii moja na supa gluu. Ikikutana na pamba hupata moto mkali. Usiifute kwa pamba kavu wala usiidondoshee kwenye kitenge.

Tangu hapo nageuza mpangilio. Naanza na vidole vinne vya mkono wa kazi, wakati mkono mvivu bado hauna kitu na mimi bado nina subira. Halafu vinne vya mkono mvivu. Gumba huwa la mwisho pande zote mbili, kwa sababu bila gumba huwezi kushika wala kukandamiza chochote. La mkono mvivu kwanza, kisha la mkono wa kazi. Hilo la mwisho linabandikwa na mkono ambao tayari una kucha, lakini kucha ya gumba ni kubwa, inashikika.

Mkono mvivu usiuachie hewani. Kiwiko mezani, kifundo mezani. Bandika bonge dogo la bigijii iliyotafunwa kwenye mwisho wa kalamu, ligandishe juu ya ncha ya kucha ya bandia, upande wa rangi, hapo umepata mpini. Sasa mkono mvivu utulie, na kidole cha mkono wa kazi ndicho kisogee kuifuata kucha. Hata tupa ya kusugulia kucha nafanya hivyo hivyo: mkono mvivu unaishika imara, vidole ndivyo vinavyopita juu yake. Mkono wa kazi una akili hata unapokuwa ndio unaohudumiwa.

Saizi zipange kabla hujafungua gundi, na zipange kidole kwa kidole. Usidhani kulia na kushoto ni sawa. Gumba langu la kushoto ni pana kuliko la kulia kwa saizi nzima. Ukikosa inayoenea, chukua kubwa kidogo uipunguze pembeni. Ndogo itabana kisha itaruka.

Gundi iwe tone moja, jembamba. Inakauka kwa kukutana na unyevu kidogo, na tone nene hubaki bichi katikati. Anzia kwenye shina la kucha ukiwa umeiinamisha, ishushe taratibu kuelekea nchani ili hewa itoke, kandamiza mpaka uhesabu thelathini.

Kabla ya hapo futa kila kucha kwa spiriti. Hili nililipuuza, nikaaibika ukweni Marangu. Asubuhi nilijipaka mafuta mikono, nikabandika, nikaenda kumenya ndizi za mtori.

"Mwanangu, umevaa kucha ngapi?" mama mkwe akauliza.

"Kumi, mama."

"Mimi naona tisa."

Wifi zangu wote wakaacha visu, tukapekua beseni ganda kwa ganda. Tuliikuta imeganda kwenye utomvu wa ndizi, na utomvu uliishika vizuri kuliko gundi yangu.

Kuzitoa, using'oe. Inayobanduka kwa nguvu huondoka na tabaka la kucha yako, na kucha ya mkono huchukua kama miezi sita kukua kutoka shina hadi ncha. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo. Zikigoma, asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, dakika kumi hadi kumi na tano, dirisha wazi na jiko mbali, maana inashika moto upesi. Ikiinuka upande mmoja usiongezee gundi juu yake. Maji yakituama humo kucha inaweza kugeuka kijani. Itoe, kausha, anza upya. Rafiki zangu Waislamu huzivaa siku ambazo hawaswali, kwa kuwa maji ya udhu hayafiki kwenye kucha, na siku hizo zikiisha wanaloweka. Tunakaa kibarazani, kila mtu na bakuli lake, na hapo angalau mikono yote miwili inafanya kazi sawa.